UZI: Mwongozo wa opsheni za kexec kwa Kiswahili – mafundi wa Mtwara, Lindi, Masasi na Newala piteni hapa

#1 Fundi wa Shangani

Wakuu, heshima kwenu.

Msimu wa korosho unabisha hodi, na sisi tunaotunza seva za vyama vya msingi tunajua maana yake. Kuanzia mnada wa kwanza mpaka mkulima wa mwisho alipwe, hakuna karani anayetaka kusikia "subirini kidogo, mfumo unawashwa upya". Na seva zetu zenyewe mnazijua: mitumba ya rafu kutoka Dar, mizito kama nini. Ukiiristati inaanza kujikagua RAM, ikimaliza kadi ya RAID inahesabu diski zake, ikimaliza kadi ya mtandao inatafuta cha kuwakia huko mtandaoni ambako hakuna kitu. Chai unakunywa, mhogo unamaliza, bado skrini nyeusi.

Kexec inaruka hayo yote. Kerneli (kiini cha Linux) iliyopo kazini inaipakia kerneli mpya kwenye memori, halafu inaikabidhi mashine moja kwa moja, bila BIOS (programu ya bodi inayoamsha vifaa), bila GRUB (programu inayowasha kerneli). Si kitu cha jana: imo ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.13 la mwaka 2005, kazi iliyoanzishwa na Eric Biederman.

Shida yetu ni maelezo. Kijana wa field anafungua `man kexec` (ukurasa wa maelezo ya amri), anakutana na msururu wa opsheni, kila moja mstari mmoja au miwili ya Kiingereza cha mkato, anaokota inayofanana na anachokitaka. Mwingine hata huko hafiki, anaokota amri kwenye grupu la WhatsApp.

Napendekeza tuandike karatasi yetu, na kila opsheni tuseme inafanya nini NA haifanyi nini. Hiyo ya pili ndiyo itakayotupunguzia safari za kupanda Newala usiku. Naanza:

-l (au --load): inapakia kerneli kwenye memori, basi. Haiwashi chochote. Karani anaendelea kuchapa stakabadhi, wewe unaweza kwenda kuswali ukarudi. Inataka njia ya faili la kerneli, na karibu kila mara inataka pia --initrd= (faili la mfumo mdogo wa kuwashia) pamoja na mstari wa amri wa kerneli.

-e (au --exec): inarukia kerneli iliyokwisha kupakiwa. HAIITI shutdown. Huduma hazizimwi kwa utaratibu, hifadhidata inakatwa katikati ya kazi.

-f (au --force): hii itabidi iandikwe kwa wino mwekundu. Kwa mazoea ya amri nyingine, mtu akiona -f anajua ni "usiniulize maswali". Kwenye kexec maana yake ni -l na -e kwa mkupuo mmoja, bila shutdown. Umeibandika kwenye amri uliyodhani ni ya kupakia tu, mashine inaondoka pale pale.

-u (au --unload): inaondoa kerneli uliyoipakia. Umepakia, umeghairi, tumia hii. Haigusi kerneli inayofanya kazi.

Na kwa kazi zetu za kila siku, njia ninayoipendekeza kwenye Debian ni mistari hii miwili tu:

kexec -l /vmlinuz --initrd=/initrd.img --reuse-cmdline
systemctl kexec

Wa kwanza unapakia. Wa pili unazima huduma zote kwa adabu, unashusha diski, ndipo unarukia. Mnaona -e haimo kabisa.

Karibuni, kosoeni.

#2 kinda_la_Ligula

Shikamooni wakubwa. Mimi niko field hapa Mtwara mjini. Swali: kuna sehemu nimeona wanatumia --append, wewe kaka umetumia --reuse-cmdline. Si kitu kile kile?

#3 Bi_Terminali (Lindi)

Marahaba mdogo wangu. Si kitu kile kile hata kidogo, na swali lako ndilo lingekuwa ukurasa wa kwanza wa karatasi hii.

Andika `cat /proc/cmdline` kwenye mashine yako. Utaona kitu cha namna hii:

BOOT_IMAGE=/boot/vmlinuz-6.1.0-18-amd64 root=UUID=... ro quiet

Huo ndio mstari ambao GRUB iliipa kerneli ilipowaka. Ndani yake root= ndiyo inayoiambia mfumo mkuu uko diski ipi. Sasa kexec haipiti GRUB, kwa hiyo hakuna atakayempa kerneli mpya mstari huo isipokuwa wewe.

Ukurasa rasmi unasema --append inaongeza maneno kwenye mstari wa amri wa kerneli. Mtu akisoma hivyo anaelewa kwamba ule mstari uliopo utabaki, na ya kwake yataongezwa mwishoni. Wapi! Ukiitumia --append peke yake, hayo maneno yako NDIYO mstari mzima. Ukiandika

kexec -l /vmlinuz --initrd=/initrd.img --append="quiet"

kerneli mpya itapokea neno "quiet" na si kingine. Itawaka vizuri, initrd itafunguka, itatafuta mfumo mkuu haitauona, kisha itakuangusha kwenye kidirisha cha

(initramfs)

ikingojea mtu abonyeze kibodi. Kibodi iko Newala. Wewe uko Lindi na SSH yako (njia ya kuingia ukiwa mbali) imekufa.

--reuse-cmdline inachukua mstari wa mashine inayofanya kazi sasa hivi, inaondoa BOOT_IMAGE, inampa kerneli mpya uliobaki. Ukizitumia zote mbili pamoja, hapo ndipo --append inapoongeza kweli:

kexec -l /vmlinuz --initrd=/initrd.img --reuse-cmdline --append="panic=30"

Huo panic=30 si pambo. Kerneli mpya ikipata panic (hitilafu inayoiua), inasubiri sekunde 30 halafu inaristati yenyewe kwa njia ya kawaida, inapita GRUB, inarudi. Kwa seva ya mbali mimi siuachi. Na kwenye Debian unasaidia hata initrd ikikosa mfumo mkuu: badala ya kukuangusha kwenye (initramfs), inasubiri hizo sekunde halafu inaristati.

Pia kuna --command-line=, hiyo inaweka mstari mzima kwa uwazi. Anayeandika mstari wote kwa mkono aitumie hiyo, angalau msomaji wa skripti ataelewa nia yake.

#4 MzeeRelay

Vijana, mimi nasema wazi: kexec kwa seva ya mbali ni kujitafutia. Nimeziona enzi za mashine kuzimwa kwa swichi ukutani, na zilikuwa zinarudi. Hiyo -e yenu ni sawasawa na kuchomoa waya. Karatasi iandikwe, lakini mstari wa kwanza useme USIFANYE HIVI UKIWA MBALI.

#5 Bi_Terminali (Lindi)

Mzee wangu shikamoo. Kwa -e naomba nikupinge kidogo, maana tukiiandika hivyo kijana akija kugundua si kweli ataidharau karatasi nzima.

Kabla ya kuruka, -e inafanya sync, yaani data iliyokuwa memori ikisubiri kuandikwa diskini inaandikwa. Inazima pia violesura vya mtandao. Ndiyo sababu kuna opsheni za kuzuia hayo: -y (--no-sync) na -x (--no-ifdown). Kuchomoa waya hakufanyi sync.

Isichofanya ni kuzima programu. Hifadhidata kama PostgreSQL haijui kama safari imefika, mafaili yako wazi, diski hazijashushwa. Ikiwaka tena, mfumo wa mafaili utasoma jono lake (kumbukumbu ya mabadiliko) ujirekebishe, hifadhidata nayo itapitia logi zake. Mara nyingi inapona. "Mara nyingi" sitaki kuisikia siku ya malipo ya korosho, hapo tuko pamoja.

#6 Fundi wa Shangani

Dada, hayo ya -x na -y naingiza, asante. Mzee, tahadhari yako inaingia pia, lakini si kwa maneno ya kukataza. Nitaandika: kwa seva ya mbali, kwanza ijaribu kerneli hiyo hiyo kwenye mashine ya mezani au ya kufikirika ndani ya QEMU (programu inayoiga kompyuta), na siku ya kazi awepo mtu upande wa pili mwenye ufunguo wa chumba na simu yenye chaji.

#7 MzeeRelay

Na anayejua kitufe cha kuwashia kiko wapi. Usicheke, wengine hawajui.

#8 Chikundi_IT

Naongezea kitu kidogo ambacho kimetusumbua huku Masasi kuliko kerneli zenyewe. Kijana alipewa mwongozo wa Word, akakopi amri, akabandika kwenye terminali. Kexec ikagoma, inadai haioni faili. Tukaangalia, amri iko sawa, herufi kwa herufi. Mpaka tulipoisogeza skrini karibu: mbele ya initrd hapakuwa na vistari viwili, palikuwa na kistari kimoja kirefu. Word ilikuwa imeviunganisha ili ipendeze. Alama za kunukuu nazo zilikuwa zimepinda, zile za vitabuni, na ganda la amri haliwezi kuzitambua.

Simu nazo zinafanya mambo hayo hayo ukiandika kwenye WhatsApp.

Kwa hiyo naomba karatasi hii isisambazwe kwa Word wala kama meseji. Faili la .txt, au bora zaidi ukurasa kamili wa man.

#9 Fundi wa Shangani

Ukurasa wa man ndio mpango, Chikundi. Na huko nako kuna mtego huo huo: ukiandika kistari kitupu kwenye faili la man, groff (programu inayopanga kurasa za man) inaweza kukichapa kama kistari cha kuunganisha maneno badala ya kile cha amri, mtu akikopi inagoma. Kila opsheni inaandikwa na mkwaju wa nyuma mbele ya kistari, hivi:

.TP
.BR \-l ", " \-\-load
Pakia kerneli kwenye memori. Haiwashi kerneli hiyo.

Ukitaka kuona ulichoandika kabla ya kukiweka mahali pake: `man -l ./kexec.8`. Hiyo -l ni ya man, msichanganye.

#10 duka_la_laptop_Sokoni

Nina ThinkPad safi sana, RAM 8, betri inakaa, njoo PM.

#11 Fundi wa Shangani

Mkuu, kuna jukwaa la matangazo. Ila RAM 8 bei gani?

#12 NangurukuruNet (Kilwa)

Hamjaigusa -p na ndiyo mimi niliyojia.

Nina seva inakufa usiku. Asubuhi unaikuta imewaka upya, logi hazina kitu, kila mtu anasingizia umeme. Kwa mashine ya namna hiyo kexec ina kazi ya pili, pengine muhimu kuliko hii ya kuokoa dakika: -p (--load-panic) inapakia kerneli ya akiba. Hiyo huirukii wewe kwa -e. Inakaa pembeni kimya mpaka kerneli kuu ipate panic, ndipo inaamka, inaikuta memori ya marehemu bado ipo, inaisoma kupitia /proc/vmcore na kuihifadhi diskini. Kwenye Debian kifurushi cha kdump-tools kinakupangia hayo, na matokeo yanakaa /var/crash.

Kwenye karatasi iandikwe kwamba -p haifanyi kazi kama mashine haikuwashwa na crashkernel= kwenye mstari wake, mfano crashkernel=256M. Ile memori lazima itengwe tangu mwanzo, huwezi kuiomba baadaye. Kuangalia kama imetengwa:

cat /sys/kernel/kexec_crash_size

Ukiona 0, usipoteze muda. Na ukitaka kuiondoa kerneli hiyo ya akiba, -u peke yake haitoshi, ni -p -u.

Majaribio ni kwa `echo c > /proc/sysrq-trigger`, ambayo inaiua mashine kwa makusudi. Si ya kujaribia mchana wa mnada.

#13 kinda_la_Ligula

Kaka wa Kilwa, je baada ya kupakia kwa -l nitajuaje kama imepakika kweli? Kwangu inarudi kimya tu.

#14 NangurukuruNet (Kilwa)

Kimya ni dalili njema, ila usiamini kimya. `cat /sys/kernel/kexec_loaded`. Ikisema 1 imepakiwa, 0 bado. Ya akiba ina faili lake, kexec_crash_loaded. Na kama imekataa na hujui kwa nini, rudia na -d, inamwaga maelezo yote.

#15 Bi_Terminali (Lindi)

Hapo kuna opsheni ya -S (--status) ambayo ingetosha kwa swali la kinda, lakini imeandikwa kwa kinyume cha mazoea. Inarudisha 1 kama kerneli imepakiwa, 0 kama haijapakiwa. Kila anayeandika skripti za ganda anajua 0 ni mafanikio. Kwa hiyo

if kexec -S -l; then systemctl kexec; fi

itajaribu kuristati pale tu ambapo HAKUNA kerneli iliyopakiwa. Tena ukiandika -S bila -l, inaangalia kerneli ya akiba, ile ya -p, si ile uliyoipakia. Kwenye skripti someni faili la /sys kama NangurukuruNet alivyosema, ila -S tuieleze kwenye karatasi, tusiifiche. Mtu ataikuta kwenye skripti ya mwenzake.

Na hapa napishana na mwenye uzi. Naona unataka karatasi fupi ya opsheni chache. Mwongozo unaoacha opsheni nje unamrudisha kijana kule kule kwenye kubahatisha.

#16 Fundi wa Shangani

Dada, --mem-min na --mem-max anazitumia nani hapa kwetu? --entry? Nikiziweka zote, -f itapotea katikati, na -f ndiyo inayotupeleka Newala.

#17 Bi_Terminali (Lindi)

Basi ziweke chini, kwenye fungu lao, kila moja mstari mmoja. Anayezihitaji atashuka. Za juu ziwe kwa mpangilio wa kazi: kupakia, mstari wa amri, kuangalia, kuruka, kughairi. Ukurasa rasmi umezipanga karibu kwa alfabeti, na alfabeti inamweka -e kabla ya -l. Msomaji anafundishwa kuruka kabla hajafundishwa kupakia.

#18 Fundi wa Shangani

Hoja nimeipokea. Nabadilisha mpangilio.

#19 Mikindani_root

Nimechelewa, nilikuwa baharini. Naona hakuna aliyeitaja -s.

Kuna miito miwili ya mfumo (maombi ya programu kwa kerneli inayofanya kazi) ya kupakia kerneli. Ule wa zamani, kexec_load, kazi ya kuandaa vipande inafanywa na programu yenyewe. Ule mpya, kexec_file_load, uliingia toleo la 3.17 mwaka 2014, na hapo kerneli inakabidhiwa faili zima ilikague yenyewe, pamoja na sahihi yake. -c inalazimisha wa zamani, -s inalazimisha mpya, -a inajaribu mpya kwanza, ukishindikana inarudi wa zamani. Kwenye matoleo ya karibuni ya kexec-tools (kifurushi chenye amri ya kexec) -a ndiyo chaguo la kawaida, kwa hiyo mengi hutaona tofauti.

Utaiona ukikutana na mashine yenye Secure Boot (inayokubali kuwasha programu zenye sahihi tu). Nyingi zinawasha kufuli ya kerneli, na kufuli hiyo inaukataa ule mwito wa zamani moja kwa moja. Unabaki na -s na kerneli yenye sahihi inayokubalika. Vijana wakiona "Operation not permitted" huku wao ni root wanaanza kuchezea ruhusa za mafaili. Si ruhusa za mafaili.

Au pengine mtu kaweka kernel.kexec_load_disabled=1 kwenye sysctl (mipangilio ya kerneli). Hiyo ikishawekwa 1 haishuki mpaka mashine iristatiwe kwa njia ya kawaida. Kuiangalia ni `sysctl kernel.kexec_load_disabled`.

#20 MzeeRelay

Haya, mmenilegeza. Lakini andikeni na hili: kexec haiamshi kadi iliyoganda. Kwa kuwa haipiti BIOS, vifaa havipati ule mwanzo mpya. Kadi ya mtandao au ya RAID iliyoanza uchuro itaendelea na uchuro wake mbele ya kerneli mpya. Na ukisasisha BIOS, kexec haitaileta. Kuna siku lazima mashine izimwe ipumue.

#21 Mikindani_root

Kweli kabisa mzee. Na skrini pia inaweza kubaki nyeusi hata kama mashine imewaka vizuri, kwa sababu kadi ya picha haikuanzishwa upya. Kuna --reset-vga kwa kadi za kawaida, wakati mwingine inasaidia. Usikimbilie kitufe, jaribu kwanza kuingia kwa SSH.

Kwenye Debian, ukisakinisha kexec-tools inakuuliza kama ishughulikie kuristati. Ukijibu ndiyo, basi `reboot` yako ya kila siku inaweza kugeuka kexec kimya kimya, na mashine unayodhani imepumua haijapumua. Angalia LOAD_KEXEC ndani ya /etc/default/kexec. Ukitaka kuristati kwa njia ya zamani huku hiyo imewashwa, kuna amri ya `coldreboot`.

#22 kinda_la_Ligula

Wakubwa, nimeandika rasimu kwa mpangilio wa Dada wa Lindi, naiweka hapa sehemu ya kuruka tu. Nikimaliza naiweka folda gani ili man iione?

systemctl kexec
    Zima huduma zote, shusha diski, kisha rukia kerneli iliyopakiwa. Tumia hii.
-e, --exec
    Rukia kerneli iliyopakiwa sasa hivi. Hufanya sync na kuzima mtandao kwanza, isipokuwa umeweka -y au -x. Haiiti shutdown. Haizimi hifadhidata.
-f, --force
    Pakia na uruke kwa amri moja. Haiiti shutdown. Si ya kunyamazisha maswali. Usiiweke kwenye amri ya kupakia.

#23 Fundi wa Shangani

Safi sana mdogo wangu. Iweke /usr/local/share/man/sw/man8/kexec.8. Mashine lazima iwe imetengenezewa lugha ya sw_TZ, kwenye Debian ni `dpkg-reconfigure locales`, unatia alama sw_TZ UTF-8. Halafu `mandb`, halafu `LANG=sw_TZ.UTF-8 man kexec`. Ambaye hana Kiswahili kwenye mashine yake ataendelea kuona ule wa Kiingereza, hakuna kitakachovunjika.

#24 Bi_Terminali (Lindi)

Rasimu nzuri kinda. Rekebisho moja: kwenye -f ongeza kwamba nayo inataka --initrd na mstari wa amri kama -l, maana inapakia pia. Usipoandika watu wataiita na jina la kerneli tu.

Na ule ufafanuzi wa --append kuitumia peke yake naupeleka kwenye ukurasa wa Kiingereza kama kiraka. Kexec-tools ipo git.kernel.org, faili lenyewe ni kexec/kexec.8, viraka vinapitia orodha yao ya barua. Mistari miwili tu, si kazi kubwa. Nani atanisomea kabla sijaituma?

#25 Mikindani_root

Nitumie PM, naisoma leo leo.